Askofu Edward Steere na Neno kwa Kiswahili

Wakristo wengi wa Tanga wanaijua Msalabani, Magila, na wengi pia wamewahi kuvuka bahari kwenda Unguja wakaonyeshwa kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Lakini ukiwauliza ni nani aliyewaandikia watu wa pwani hii Injili ya Matayo kwa Kiswahili cha Unguja, wachache watakujibu. Mtu huyo ni marehemu Askofu Edward Steere. Aliamini jambo moja kwa nguvu sana, kwamba Maandiko Matakatifu yakiwekwa katika lugha anayoiotea mtu ndoto zake, yana uwezo yenyewe wa kumleta kwa Kristo, hata kama mhubiri hayupo. Imani yake hiyo ilijaribiwa, na mahali pengine ilionekana kama imeshindwa. Kwa hiyo katika kueleza maisha yake nitauliza pia kama aliamini sawasawa.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya juu mwaka 1850 na mwaka ule ule akakubaliwa kuwa wakili. Lakini kazi ya sheria haikumkaa moyoni. Akaiacha, akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1856 na padri mwaka 1858, akatumwa Skegness, pwani ya mashariki ya Uingereza, mahali pa wavuvi na wakulima. Watu wa kule walimpenda kwa mambo mawili: hakuona haya kukunja mikono ya shati na kufanya kazi, na mahubiri yake yalitoka katika Biblia wala hayakuzunguka mbali. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomfaa baadaye huku kwetu kuliko shahada yake.

Jirani yake katika jimbo lile alikuwa Padri William Tozer. Wakati huo Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliyoanzishwa baada ya Dakta Livingstone kuwahutubia wasomi wa Cambridge mwaka 1857, ilikuwa katika msiba. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa amefariki mwezi wa Januari 1862 katika nchi ya Mto Shire. Mwaka 1863 Tozer aliwekwa kuwa askofu wa pili, na Steere akajitolea kumsindikiza kwa muda tu. Alimwacha mkewe Uingereza. Walifika Zambezi, wakaona homa na njaa, na mwaka 1864 Tozer akaamua kuihamishia misheni Unguja. Wengi walimlaumu, Livingstone mmoja wao, wakasema ameikimbia kazi. Mimi naona kama wasingekuja Unguja, huenda sisi wa Bonde na Usambara tungesubiri miaka mingine mingi.

Walifika Unguja Agosti 1864. Muda si mrefu Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hilo ndilo lililokuwa kanisa lote, mapadri wawili wa Kiingereza na watoto watano ambao hawakuelewana nao hata neno moja. Mtu mwingine angeanza kuwafundisha Kiingereza. Steere alichukua kalamu na karatasi akaanza kujifunza kwao, na kwa watu wa mjini, na kwa mtu yeyote aliyekubali kukaa naye barazani. Aliandika maneno, akayauliza tena kwa mtu mwingine, akayasahihisha. Akapenda sana hadithi. Wazee na vijana walimsimulia, naye akaandika kama walivyosema, na hadithi hizo, pamoja na kile kisa cha Sultani Darai na paa wake, akazitoa katika kitabu mwaka 1870. Waalimu wenzangu, wengi wetu tumesomesha hadithi hizi bila kujua kwamba zilikusanywa na mtu aliyekuwa akijiandaa kufasiri Injili. Alitaka kwanza ajue Mswahili husemaje anapofurahi, anapodanganya, anapoomba radhi, ndipo athubutu kumwandikia maneno ya Bwana.

Watu wa Tanga na Usambara tuna sababu yetu ya kumkumbuka hapo. Mwaka 1867, kabla hajakichapisha kitabu chake kikubwa cha Kiswahili, alitoa huko Unguja kijitabu cha lugha ya Kisambaa. Alikuwa hajatia mguu milimani kwetu. Ilimtosha kujua kwamba kuna watu wanaosema lugha hiyo, na kwamba siku moja mtu atakwenda kwao na atahitaji maneno.

Katika kufasiri Maandiko alisaidiwa na watu ambao hatungewatazamia. Mmoja alikuwa Shehe Abdul Aziz, mwanachuoni mkubwa wa Unguja na kadhi, ambaye kwa hiari yake alianza kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Alifika Zaburi ya 16. Kazi zake zilikuwa nyingi, na Steere naye aliona kwamba Kiswahili cha shehe, pamoja na uzuri wake wote, kilikuwa cha watu wenye elimu. Yeye alitaka lugha ambayo mchuuzi wa samaki na mama anayetwanga wangeisikia wakaielewa. Alimtaja shehe kwa shukrani katika kitabu chake cha lugha. Shehe alibaki Mwislamu mpaka kufa kwake, wala hakuna aliyedai vinginevyo. Lakini ni jambo la kufikiri, hasa kwetu tunaoishi ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu, kwamba Zaburi za kwanza katika kazi ile zilipita mikononi mwa kadhi.

Nao msamiati wenyewe wa imani yetu ulitoka wapi? Hebu tutazame maneno tunayoyasema kila Jumapili: imani, dhambi, toba, neema, rehema, sala, injili, zaburi. Yote yana asili ya Kiarabu, na yote yalikuwa vinywani mwa watu wa pwani kabla mmisionari hajafika. Steere angeweza kuyaogopa, akatunga mengine au akaleta ya Kiingereza na Kilatini. Hakufanya hivyo. Aliyachukua maneno ambayo watu walikuwa nayo, akaamini kwamba Injili yenyewe itayajaza maana yake. Wako waliosema baadaye kwamba ilikuwa hatari. Nadhani alikuwa sahihi, maana mtu akiambiwa atubu anaelewa mara moja, hata akikataa.

Kisha ilikuwa kazi ya kuchapa. Misheni ilikuwa na mashine ndogo ya mkono, na Steere, ambaye kazi ya uchapaji aliijua, aliwafundisha wavulana kupanga herufi za risasi moja moja, kupaka wino na kuvuta. Ndivyo walivyojifunza kusoma. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atatambua kwamba hakuna njia bora ya kumjulisha mtoto herufi kuliko kumtia moja mkononi aipange kinyumenyume, akikosea aanze upya. Injili ya Matayo ilitoka mwaka 1869. Wavulana waliookolewa katika jahazi walikuwa wameshika Neno kwa vidole vyao, likiwa na wino mbichi.

Mwaka 1868 Steere alikuwa amerudi kwao, katika kijiji chake cha Little Steeping, akiwahudumia wakulima wa Kiingereza huku akitengeneza vitabu vya Kiswahili. Huenda angekaa huko mpaka uzee. Lakini mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, majengo ya misheni yakaharibika, na Askofu Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi mwaka ule ule, na safari hii hakuja kwa muda. Tozer alijiuzulu mwaka 1873, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu wa tatu, katika kanisa la Westminster Abbey.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Misheni ikapata kiwanja chake. Hapo sokoni Steere alianza kuhubiri kwa Kiswahili katika nyumba ya kawaida tu, milango wazi, na watu wa mjini wakaja kumsikiliza na kubishana naye. Siku ya Krismasi mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Alisimamia ujenzi mwenyewe, akafikiri namna ya kuezeka kwa zege la mawe ya matumbawe, paa la mviringo lisilo na boriti hata moja. Watu walisema litawaangukia waumini. Ibada ya kwanza ilikuwa Krismasi ya mwaka 1879, na paa lile lipo hata leo. Husimuliwa pia kwamba alipokuwa safarini mafundi walizisimamisha nguzo kadhaa juu chini, na aliporudi akaziacha hivyo hivyo.

Hapa lazima tuseme kweli. Watu wa mji walisikiliza, wengine kwa adabu kubwa, wakauliza maswali magumu, wakarudi nyumbani kwao kama walivyokuja. Walioamini miongoni mwao walikuwa wachache sana. Miaka kumi na zaidi ya kuhubiri, kufasiri na kuchapa, na kanisa la Unguja lilikuwa hasa la watu waliokombolewa utumwani, waliokaa Mbweni na Kiungani chini ya ulinzi wa misheni. Mtu wa haki atauliza: je, hao waliletwa na Maandiko, au waliletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi? Mtoto aliyepewa chakula, nguo na usalama na wazungu, angekataaje dini yao? Swali hili si la maadui peke yao, hata sisi tunapaswa kuliuliza. Linajibiwa tu kwa kuwatazama watu ambao hapakuwa na mtu wa kuwashika.

Basi tuanzie kwetu. Mwaka 1867 Padri Alington alikwenda mpaka Vuga kuomba ruhusa kwa mtawala wa Usambara, na mwaka uliofuata akajenga Magila, katika nchi ya Wabondei. Hao hawakuwa watumwa wa mtu. Walikuwa na wazee wao, mashamba yao na matambiko yao, na mwishoni mwa miaka hiyo waliinuka katika vita vya Kiva wakawafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Kituo kilidhoofika, wazungu wakaugua na kufa. Miongoni mwa waliokitunza alikuwa Francis Mabruki, mmoja wa wale wavulana watano wa mwaka 1864. Fikirini kijana aliyekuwa mali ya mtu, sasa anakaa peke yake katikati ya watu huru, hana bunduki wala mali ya kuwagawia, ana vijitabu vichache tu. Mwaka 1875 Askofu Steere alimleta Padri John Farler Magila, na kazi ikachanua. Wabondei walikuja, wakauliza, wakakaa muda mrefu katika mafundisho, maana UMCA haikubatiza haraka. Hawakuwa na la kupata kwa kuja. Watoto wao wakapelekwa Kiungani kusoma, wakarudi wakiwa waalimu, na baadaye mmoja wao, Petro Limo, akawa padri nchini kwake. Magila ikapata kiwanda chake cha chapa, na katika miaka ya 1890 ikatoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Mwezi. Gazeti hili la parokia mnalolisoma ni mjukuu wake.

Jambo la pili lilitokea mbali sana na hapa, na Steere hakulipanga. Mwaka 1874 Stanley alipokuwa akiandaa msafara wake wa kuvuka Afrika, alichukua Unguja vijana kadhaa wa misheni. Mmoja aliitwa Dallington Maftaa. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akasoma shule ya misheni, akajua kusoma na kuandika Kiswahili. Mwaka 1875 msafara ulifika Buganda, kwa Kabaka Mutesa. Kabaka alikuwa amekwisha kujifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu kutoka kwa wafanya biashara wa pwani. Stanley akazungumza naye habari za Biblia, na kwa msaada wa Dallington wakamfanyia muhtasari wa Maandiko kwa Kiswahili, ambao mwandishi wa Kabaka aliuandika kwa herufi za Kiarabu. Kisha Stanley akaenda zake. Dallington akabaki, kwa ombi la Kabaka, ili amsomee.

Mmisionari wa kwanza wa CMS alifika Buganda mwishoni mwa Juni 1877. Kwa zaidi ya mwaka mzima, basi, Injili ilisomwa katika ikulu ya Mutesa na kijana mmoja peke yake, ambaye hakuwa padri wala shemasi, kwa lugha ya pwani yetu. Mwaka 1876 alimwandikia Askofu Steere barua kumpa habari. Sijui barua gani nyingine ingeweza kumfurahisha mzee yule zaidi. Alipokuja Alexander Mackay, mwaka 1878, naye aliendelea kuwasomea vijana wa ikulu kwa Kiswahili, maana kwa Kiganda palikuwa hakujachapishwa kitu bado. Vijana hao walipoanza kuamini, watu wa nchi waliwapa jina kwa kile walichowaona wakikifanya: waliwaita wasomaji.

Sisemi kwamba yote ya Buganda yalitoka kwa Dallington. Wengi walifanya kazi pale, pamoja na mapadri wa Kikatoliki, na Mutesa mwenyewe alikufa mwaka 1884 bila kubatizwa. Lakini tarehe 31 Januari 1885 wasomaji watatu vijana waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa moto Namugongo. Hapo hakuna awezaye kusema kwamba waliamini kwa sababu ya chakula na nguo. Walichoambulia ni moto, nao waliujua kabla.

Turudi kwa Steere. Watu walioachwa huru hakutaka wakae Unguja milele wakiitegemea misheni. Mwaka 1876 aliwaongoza baadhi yao kutoka Lindi kwenda bara, kuelekea kwao, wakafika Masasi, wakaipenda nchi, wakakaa. Alisafiri kwa miguu, akarudi na homa, akakaa tena mezani kufasiri. Kufikia mwaka 1879 alikuwa amemaliza Agano Jipya lote. Mwaka huo huo alimwekea mikono John Swedi, mwingine wa wale watano, kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufika daraja hilo. Kitabu cha Sala nacho alikifasiri. Ukitazama orodha ya kazi zake, unashangaa alilala saa ngapi. Alikuwa askofu wa nchi iliyotoka Unguja mpaka Ziwa Nyasa, mhandisi wa kanisa lake mwenyewe, mchapaji, mwalimu, na mtunga sarufi. Hakupendelea sifa. Waliofanya kazi naye walijua kwamba ukimtafuta, umtazame penye wino au penye chokaa.

Mwaka 1882 alikwenda Uingereza akiwa amechoka. Marafiki walimwona hali yake si nzuri. Akarudi Unguja, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo akafariki, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Mwezi uliofuata Magwangwara waliishambulia Masasi, wakachoma na kuteka watu, na kazi yake ya kule ilionekana imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kuwa padri, naye alifanya kazi miongoni mwa Wayao katika nchi hiyo ya kusini.

Agano la Kale alikuwa hajalimaliza. Karatasi zake zilichukuliwa na wenzake wa misheni, wakasahihisha, wakaongeza vitabu vilivyosalia, na mwaka 1891 Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka. Hiyo ndiyo iliyosomwa katika makanisa yetu ya Bonde na Usambara na babu zetu, mpaka ilipokuja Biblia ya Umoja mwaka 1952. Katika nyumba za wazee wachache wa Muheza nimewahi kuona nakala kuukuu za namna hiyo, jalada limetoka, kurasa za Zaburi zimekuwa nyeusi kwa vidole.